Wazoefu wa harusi za Kiyahudi: ketuba inalindwaje siku yenyewe, na kwanini inaogopwa kuliko pete?

MamaTurubai:
Habari wakuu. Niko New Jersey, napiga kazi na kampuni ya kupamba na kuratibu maharusi, wateja wetu wengi ni Wayahudi. Bosi kanitupia kazi ambayo wenzangu wote wameikwepa, nimekuwa mlinzi wa ketuba kwenye harusi ya Jumapili ijayo. Kwa wasioijua, ketuba ni mkataba wao wa ndoa, karatasi kubwa imechorwa kwa mkono, makomamanga na ndege pembeni, maandishi ya Kiaramu katikati, na hela iliyolipiwa mchoraji mimi ningelipia kodi ya nyumba na chenji ikabaki. Imeletwa kwenye bomba la karatasi, ukiitoa inajikunja kama mkeka mpya.

Mama wa bibi harusi kanipigia simu, hajauliza maua, hajauliza keki, kauliza "karatasi iko wapi sasa hivi?" Pete zenyewe anazo mdogo wa bwana harusi, kazitia mfukoni anazunguka nazo tu.

Kazini mmoja ananiambia ikiharibika harusi haifungwi, mwingine anasema ni pambo la ukutani nisijipe presha. Nani mkweli? Na naishikaje hii kitu mpaka itiwe saini bila kuharibu? Harusi ni nje, bustanini.

Kasuku Mweupe:
Nimeweka kiti. Endeleeni.

Fundi Fremu:
Mama Turubai pole kwa jukumu. Mimi niko Toronto, duka la fremu, ketuba napokea sana hasa kipindi cha joto na nyingi zinaletwa kwangu zikiwa zimeshaumizwa, kwahiyo nikwambie yale ninayoyaona.

Kwanza itoe kwenye bomba leo, usisubiri Jumapili. Osha mikono, kausha, usipake losheni. Ilaze uso juu, chini na juu yake weka karatasi nyembamba isiyo na asidi, halafu vitabu vizito pembeni. Usiikunje kinyume ili inyooke haraka, rangi inapasuka hapo hapo hasa kama ina dhahabu. Kama ni ile ya kukatwa kwa kisu, yenye matundu matundu, usiivute kona hata kidogo.

Pili kalamu. Hapa ndipo watu wanalia. Wageni wanatoa bolpeni mfukoni, au maka peni, au hizi za jeli zinazoteleza, shahidi anaweka saini na mkono wa shati unapita juu yake. Nunua kalamu ya wino wa pigmenti ambao haufifii na hauogopi maji, mbili, tatu, zile za Pigma zinatosha. Muombe mchoraji kipande cha karatasi ileile ujaribu. Kama ni ngozi badala ya karatasi basi mpigie mwandishi mwenyewe, ngozi hainywi wino kama karatasi, unaweza kuona saini nzuri ukaigusa ikaja na kidole.

Tatu, chukua kadibodi safi ukate dirisha dogo mahali pa saini tu, sehemu nyingine yote ifunikwe. Mashahidi waone dirisha, wasione komamanga.

MamaTurubai:
Hii ya dirisha sikuwahi kuiwaza, asante sana fundi.

Arava ya Zamani:
Mimi niliwahi kwenda Israeli kwa ile programu ya mafunzo ya kilimo, tulikaa Arava huko kwenye pilipili hoho, nimehudhuria harusi za watoto wa mwenye shamba. Jibu la swali lako ni kwamba bila ketuba hakuna ndoa. Bwana harusi ndiyo lazima asaini, yeye ndiye anayeahidi hela atakayodaiwa na mke akimuacha. Na kiasi kinaandikwa hela ya kweli, pale walitaja shekeli 180,000 ukumbi mzima ukapiga makofi, wanapenda namba inayogawanyika kwa 18 maana kwao 18 ni uhai.

Wakili wa Mtaani:
Arava taratibu. Ulichokiona ni cha kweli ila usikifanye sheria ya wote. Wanaohitajika ni mashahidi wawili, na kwa Waorthodoksi, Wayahudi wanaoshika sheria za jadi, wawe wanaume wazima wanaoshika Sabato, wasiwe ndugu wa bwana wala bibi harusi, wala wao kwa wao. Kwa Waashkenazi wengi, wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, bwana harusi hasaini kabisa. Anachofanya, rabi, yaani kiongozi wao wa dini, anampa leso au hata kalamu, anaishika na kuinyanyua mbele ya mashahidi, hapo ndipo amejifunga kwa ahadi. Mashahidi wanasaini kwamba wamemuona akijifunga. Wasefaradi wengi, wale wenye asili ya Hispania, bwana harusi naye anasaini, na fomu rasmi za Israeli zina sehemu yake. Wa mrengo huria wa Reform huko Marekani wote wawili wanasaini, na maneno yenyewe yameandikwa upya kuwa ya pande mbili.

Kwahiyo MamaTurubai kitu cha kwanza muulize rabi NANI anasaini, ndipo ukate hilo dirisha la fundi. Ukikata la saini mbili na zinatakiwa nne utatafuta mkasi mbele za watu.

Mjukuu wa Mwinyi:
Assalaam alaykum. Mbona mnalizunguka jambo jepesi. Hii ni mahari ya kuchelewa. Sisi huku Unguja mwanamume anaweza kutoa sehemu ya mahari sasa na sehemu ikabaki deni shingoni mwake, akimuacha mke au akifa deni linalipwa kabla ya mirathi. Na hao ni hivyohivyo, hela haitoki siku ya harusi, inabaki ahadi. Ndo maana mama mtu anaulizia karatasi. Pete ni ya kuvaa, karatasi ndiyo deni la mwanawe.

Arava ya Zamani:
@Wakili nimeona kwa macho yangu anasaini.

Wakili wa Mtaani:
Na mimi sijasema hukuona.

ChaiMaziwa:
😂😂😂 huyu wakili akija kwenye kikao cha harusi hatutoki mpaka asubuhi.

Darasa la Jioni:
Mjukuu wa Mwinyi umegonga penyewe, na kuna kisa chake kwenye Talmudi, kitabu cha mijadala ya marabi wa kale, kinachoeleza walifikaje hapo. Zamani kiasi kiliwekwa tu kwenye maandishi, wanawake hawakuamini wala kukubali kuolewa, wanaume wakawa wanazeeka bila kuoa. Wakabadili, hela ikatunzwa nyumbani kwa baba wa mke. Ikawa mume akikasirika anamwambia "nenda kwenye ketuba yako", maana hela ipo kwa baba yake, yeye hapotezi kitu. Wakahamishia kwa baba mkwe, matajiri wakawatengenezea wanawake vikapu vya fedha kwa hela ile, maskini wakatengeneza vyombo vya kukojolea. Bado mume akikasirika anasema chukua ketuba yako utoke. Ndipo Shimon ben Shetach, karne ya kwanza kabla ya Kristo, akaweka kwamba mume aandike mali yake yote ni dhamana ya ketuba. Hapo sasa ukitaka kumfukuza mke unawaza shamba.

Ila tofauti na mahari ya huko Unguja ni kwamba kiwango cha chini hakiachwi kwa makubaliano. Zuz 200, sarafu zao za zamani, kwa anayeolewa mara ya kwanza, 100 kwa mjane au mtalaka. Juu ya hapo mume anaongeza anavyotaka, na vitu alivyokuja navyo mke vinaandikwa humo pia.

ChaiMaziwa:
Vyombo vya kukojolea?? Yaani mahari yangu niikojolee 😭

binti_wa_ngamiani:
Zuz 200 ni shilingi ngapi? Naulizia rafiki.

Kasuku Mweupe:
Rafiki yako ana Myahudi tayari au anatafuta?

binti_wa_ngamiani:
Anajipanga 😌

Nabugoye Hill:
Shalom kutoka Mbale. Nimepita nikaona mnaongea vitu vyetu nikasema ningie. Sisi ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, wazee wetu walimfuata kiongozi Semei Kakungulu alipoingia Uyahudi mwaka 1919, kwahiyo ketuba si kitu cha kwenye TV. Wakati wa Amin dini yetu ilipigwa marufuku, miaka ya sabini yote hiyo, watu walisali kwa kujificha, mambo ya kuandikiana ketuba nzuri yenye maua yangetoka wapi. Siku hizi ndoa inafungwa chini ya hupa, kile kipaa wanachosimama maharusi, ketuba inasomwa watu wote wakisikia, Kiaramu halafu maelezo kwa Luganda ili bibi wa kijijini ajue mjukuu wake ameahidiwa nini.

Ninachotaka kumwambia dada wa New Jersey, angalia MAJINA. Karatasi ikilowa kidogo unaweza kuvumilia, jina likikosewa ni tabu. Majina yanayoandikwa ni ya Kiebrania, la mtu na la baba yake, siyo yale ya kwenye pasipoti. Kuna ndugu yangu walimletea ya kuchapishwa kutoka ng'ambo, nzuri sana, jina la baba limekosewa herufi moja, rabi akaikataa palepale akaandika nyingine kwa kalamu kwenye karatasi ya kawaida na ndiyo iliyosainiwa. Ile nzuri iko ukutani haina saini hata moja.

MamaTurubai:
Nabugoye asante sana, umenistua. Nimemuuliza bibi harusi kasema rabi aliona maandishi kabla mchoraji hajayaandika. Ila kuna kingine, hupa ni saa kumi na mbili jioni na mashahidi wanasaini kabla, kwenye kile kikao cha bwana harusi. Mratibu mwenzangu anasema "hakikisha wasichelewe jua lisizame" nikadhani anaongelea picha, kumbe anaongelea karatasi?

Darasa la Jioni:
Anaongelea karatasi dada, na picha pia labda. Siku yao inaanza jua likizama. Ketuba inaandikwa siku ya juma, tarehe ya mwezi wa Kiebrania na mwaka wa tangu kuumbwa ulimwengu. Sasa imeandikwa Jumapili, ikisainiwa giza limeingia kwa kalenda yao ni Jumatatu. Hati ya deni yenye tarehe ya nyuma kuliko deni lenyewe ni batili kwao, kwa sababu kumbuka mali ya mume ni dhamana, tarehe ya nyuma ingemuwezesha mtu kudai shamba ambalo mume aliliuza kihalali kabla. Ya mbele siyo tatizo kubwa kihivyo.

Sasa kama bwana harusi ameinyanyua leso mchana na saini ikaja usiku, wengi wanasema inapita kwa sababu alishajifunga mchana, na walikuwa kwenye shughuli hiyohiyo. Ila hilo mwachie rabi, kazi yako ni kuwa na mashahidi, kalamu na karatasi kwenye chumba kimoja mapema.

Fundi Fremu:
Naongezea hapohapo kwenye kikao cha bwana harusi maana HAPO ndipo hatari ilipo kuliko bustanini. Meza hiyohiyo ina whisky, ina keki, ina samaki wa kuvuta, wanaume wanaimba wanapiga meza. Ketuba nyingi za madoa zinazonijia zimetoka kwenye meza hiyo. Itafutie ketuba meza yake pembeni, ndogo, ngumu, isiyoyumba, na kitambaa cha mezani kitolewe maana saini juu ya kitambaa inatoboa karatasi. Vinywaji visifike. Na mtu wa sanitaiza aondoke nayo, nimeona wino ukitembea kwa tone la sanitaiza.

Chini ya hupa napo kuna vikombe viwili vya divai, kimoja kabla ya kusomwa ketuba na kingine baadaye, kwahiyo anayeishika asiwe ndiye anayemimina.

Mzee Bolpeni:
Kwani wasiilaminishe tu yaishe? Vyeti vyangu vyote vya shule nimelaminisha.

Fundi Fremu:
Mzee Bolpeni ukija dukani kwangu na ketuba iliyolaminishwa nitafunga duka siku hiyo. Joto linaunguza rangi, gundi inaingia kwenye karatasi, haitoki tena maisha. Na selotepu hivyohivyo, baada ya miaka inaacha mstari wa kahawia.

Mzee Bolpeni:
Vyeti vyangu viko safi tangu 1994.

ChaiMaziwa:
Mzee kazi ulipata lakini?

Mzee Bolpeni:
Kijana nenda ukalale.

binti_wa_ngamiani:
Mimi kilichonishika ni pale mnaposema inasomwa katikati ya shughuli. Sisi cheti unasaini unakwenda kupiga picha. Wao wanasimamisha harusi watu wasikilize Kiaramu ambacho hawakielewi, kwanini?

Darasa la Jioni:
Maelezo ni mengi. Zamani kwao ndoa ilikuwa hatua mbili zenye miezi mingi katikati, ya kwanza pete, ya pili baraka na kuhamia nyumbani. Zilipokuja kufungwa siku moja wakahitaji kitu cha kuzitenganisha, wakaweka usomaji wa ketuba.

Nabugoye Hill:
Kwetu tunaelezwa ni ili ahadi iwe na masikio mengi. Mume hawezi kusema sikuahidi.

Mjukuu wa Mwinyi:
Na mimi nasema ni heshima kwa mke, asikabidhiwe deni lake gizani. Maana baada ya kusomwa anapewa yeye mkononi au siyo? Sio mume.

Wakili wa Mtaani:
Anapewa yeye, ndiyo. Ni mali yake. Na kwa kawaida anamkabidhi mama yake au rafiki aitunze mpaka sherehe iishe kwa sababu hawezi kucheza nayo. MamaTurubai hapo jua anayepokea ni nani, kwa jina, na mfuko au bahasha ngumu iwe tayari. Nimesikia ya mtu aliyeiacha kwenye kiti cha mbele, viti vikakusanywa na watu wa ukumbi, ikaokotwa usiku ndani ya lori la kukodisha viti.

Kasuku Mweupe:
Mungu wangu, deni la mke limepanda lori.

MamaTurubai:
Anapokea dada yake mkubwa, nimeshamuandika. Sasa swali kutoka leo. Mchoraji amenitumia ujumbe: "usishtuke, kuna herufi moja haijakamilika, rabi atamalizia". Nimeiangalia kweli kuna herufi imekosa mguu. Ni nini hii? Nimelala vibaya.

Fundi Fremu:
Ni kawaida hiyo, lala. Zinaletwa kwangu zikiwa na mguu wa wino tofauti kabisa na maandishi mengine, mweusi zaidi au mwembamba, na wenyewe wanaupenda. Ni herufi ya kuf, kwenye lile neno la kusema tumeshuhudia akijifunga.

Arava ya Zamani:
Wanaacha makusudi kwa sababu hakuna kitu kamili tangu hekalu la Yerusalemu livunjwe. Ndo maana hata glasi inavunjwa kwa mguu.

Darasa la Jioni:
Arava hiyo ni ya glasi, na ya watu wanaoacha kipande cha ukuta bila rangi. Ya herufi nimesikia ni kwamba hati isiwe imekamilika kabla bwana harusi hajakubali, maana yake isitangulie deni. Unarudi kwenye tarehe tuliyoongea.

Nabugoye Hill:
Mimi rabi mmoja mgeni alituambia ni ili mashahidi waone kwa macho sehemu ya uandishi, wasisaini kitu kilichopikwa dukani.

Wakili wa Mtaani:
Na kuna marabi hawaifanyi kabisa na ketuba zao ni halali. Ukiona herufi zote zina miguu pia usishtuke.

Arava ya Zamani:
Mimi nabaki na la kwangu.

Rafu ya Makumbusho:
Habarini, nimechelewa. Kuhusu kutunza, hawa watu wana uzoefu mrefu mno. Brooklyn Museum kuna mkataba wa ndoa wa papirasi wa mwaka 449 kabla ya Kristo, wa Ananiah na Tamut, jumuiya ya Wayahudi waliokaa kisiwa cha Elephantine huko Aswan kwenye Nile. Bibi harusi alikuwa mtumwa wa Kimisri. Hati zile zilikunjwa, zikafungwa uzi, zikapigwa muhuri wa udongo. Mama Turubai uko New Jersey, siyo mbali, ukipata off nenda.

Na kuna Babatha. Mwanamke wa karne ya pili baada ya Kristo, alikimbilia pangoni karibu na Bahari ya Chumvi wakati wa vita na Warumi, akabeba mfuko wa ngozi wenye hati 35, ketuba yake ikiwemo. Mwanaakiolojia Yigael Yadin na wenzake wakaukuta mwaka 1961. Humo inaonekana mume wake wa pili alipofariki, yeye alizishika bustani za mitende za marehemu na kuuza tende, kwa maelezo kwamba anazishikilia kwa ajili ya hela ya ketuba na mkopo aliomkopesha mume. Kulikuwa na mke mwenza pia, kesi zikawa nyingi.

Mjukuu wa Mwinyi:
Huyo bibi ningempa kazi ya wakfu.

binti_wa_ngamiani:
Mke mwenza, mitende, kesi. Huyu ni wa Pangani kabisa jamani.

ChaiMaziwa:
Sasa tuwe wakweli. Leo hii kuna mwanamke amewahi kwenda mahakamani na hiyo karatasi akalipwa zuz? Au ni pambo kama alivyosema yule mwenzake wa kazini?

Wakili wa Mtaani:
Inategemea uko wapi. Marekani ndoa ya serikali ni ile leseni ya jimbo, rabi anaijaza pembeni, ketuba hailetwi kwa karani. MamaTurubai usizichanganye, ni karatasi mbili, na ya serikali nayo isipotee. Kiasi cha zuz mahakama za kiraia hazihangaiki nacho. Lakini mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya New York ilikubali kwamba kipengele kwenye ketuba ya Conservative, mrengo wa kati, cha mume na mke kukubali kuitikia wito wa mahakama ya marabi, kinaweza kusimamiwa kama mkataba mwingine wowote. Kipengele hicho kiliwekwa miaka ya 1950 kwa sababu ya tatizo la wanawake wanaonyimwa hati ya talaka. Mume asipompa hati ya kidini, mke hawezi kuolewa tena kwa dini yao hata kama serikali imeshamwachanisha.

Waorthodoksi wengi hawakutaka kugusa maandishi ya ketuba, wakatengeneza mkataba wa pembeni unaosainiwa kabla ya harusi. Kwahiyo usishangae Jumapili kuona karatasi ya tatu.

MamaTurubai:
Karatasi ya tatu 😩

Nabugoye Hill:
Pambo si pambo. Kwa wanaoshika sana, mume na mke hawakai pamoja hata saa moja bila ketuba. Ikipotea wanaandikiwa ya badala, ina maneno yake maalum, ndio wanaendelea. Kwahiyo mwenzako wa kwanza amekosea kusema harusi haitafungwa, maana rabi karibu kila mmoja ana fomu tupu kwenye begi. Na wa pili amekosea pia.

Mama Neema wa Goma:
Mimi si wa hiyo dini lakini nauliza kama mama. Kuna neno humo linasema bibi harusi ni bikira? Na kama hayuko? Linasomwa mbele ya baba yake?

Wakili wa Mtaani:
Mama Neema shikamoo. Ndiyo, maandishi ya jadi yanamtaja hivyo anayeolewa mara ya kwanza, na mtalaka, mjane au aliyeongoka neno linabadilika na kiasi kinabadilika. Hawamchunguzi mtu, ni aina ya hati tu. Ila ndiyo sababu ketuba za kununua mtandaoni zinaleta aibu, mtu amechagua nzuri ya tayari, haisemi hali yake, rabi anaikuta siku ya harusi. Wengi siku hizi wanamwambia mchoraji aandike neno la "bibi harusi" tu. Marabi wengine wanakubali wengine hawataki.

Mama Neema wa Goma:
Marahaba. Bora iandikwe bibi harusi tu, hayo mengine Mungu anayajua.

Fundi Fremu:
Turudi kwenye karatasi kabla mods hawajauhamishia uzi kwenye mahusiano. Bustanini: upepo. Ukiiweka kwenye stendi ya kuonyeshea, stendi iwe na miguu mizito na karatasi iwe imekaa ndani ya fremu ya muda isiyo na gundi, inayofunguka mbele. Kivulini. Jua la mchana mmoja halitaiua lakini jua pamoja na umande wa jioni inajikunja tena. Ikishasainiwa iachwe wazi wino ukauke, usiweke kioo juu yake mbichi. Ipige picha nzuri kabla na baada.

Baada ya harusi, kioo kisiguse karatasi, kiwe cha kuzuia miale ya jua, kadibodi ya kuzunguka isiwe na asidi, na isitundikwe ukuta wa bafu wala unaotazama dirisha.

Nabugoye Hill:
Wazee wetu hawapendi itundikwe. Ni hati, hati hukaa kwenye sanduku.

Rafu ya Makumbusho:
Lakini zile za Italia za karne ya 17 na 18, Venice hasa, ngozi nzima imejaa maua na malaika, hazikuchorwa zikae gizani. Ziliwekwa watu wazione.

Mjukuu wa Mwinyi:
Walikuwa wanaringishiana mahari tu hao.

Arava ya Zamani:
Mwenye shamba wetu yake ilikuwa kwenye droo na risiti za mbolea.

binti_wa_ngamiani:
Jamani swali la rafiki yangu halijajibiwa. ZUZ 200 NI NGAPI.

ChaiMaziwa:
Nimegoogle. Kuna wimbo wao wa Pasaka baba ananunua mwanambuzi kwa zuz mbili. Kwahiyo 200 ni mbuzi 100. Mbuzi mmoja Vingunguti laki na nusu mpaka laki mbili, mwambie rafiki yako apige hesabu.

Darasa la Jioni:
Wimbo si soko. Kwenye Mishna, kitabu cha sheria cha marabi wa kale, mwenye zuz 200 haruhusiwi kuokota masazo ya mavuno waliyoachiwa maskini, na wafafanuzi wanasema ni kwa sababu zinamtosha mtu mwaka mzima. Kwahiyo ni matunzo ya mwaka.

Wakili wa Mtaani:
Na marabi wanapima kwa uzito wa madini ya fedha. Wengine wanahesabu fedha safi, inakuja kama gramu 960. Wengine wanasema zuz ya zama zile ilikuwa na fedha sehemu moja kwa nane, inabaki gramu 120. Na hapo bado hatujagusa nyongeza ambayo Waashkenazi wanaiandika kwa kipimo kingine cha zamani, kila mmoja anakipima kivyake na majibu hayakaribiani kabisa.

binti_wa_ngamiani:
Kutoka mbuzi 100 mpaka gramu 120? Hapana, rafiki yangu anachukua mbuzi.

Mzee Bolpeni:
Mbuzi hawalaminishwi.